Mstari Ulionyooka Kabla ya Pasaka

Mimi si mtu wa simu. Ikiita, naitazama mpaka inyamaze, halafu naandika ujumbe: samahani, sikuwa karibu. Nilikuwa karibu. Nilikuwa nimeishika. Bibi anasema nimezaliwa na aibu ya watu wawili, yangu na ya mtu mwingine aliyezaliwa bila, na akifika hapo humtupia dada jicho.

Dada si wa tumbo moja nami, ni mtoto wa mama mkubwa, lakini kwetu hakuna anayetenganisha hivyo. Alisomea kompyuta, akapata kazi Dar, akaolewa, akajifungua. Mwaka huu mume wake alihamishiwa kufundisha Mahenge, na dada akarudi Ifakara kwa bibi, mtoto mgongoni, kompyuta ndani ya begi la nepi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi cha bibi kuyataja kwenye jumuiya bila kuulizwa, na nilikuwa nasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. Mama alikuwa Mofu, amehamia shamba kama kila msimu. Yaani mimi sikuwa na kazi. Nikapewa mtoto.

Kampuni ya dada inauza tiketi za mabasi kwa simu. Abiria anachagua basi, analipa, tiketi inatoka. Wapo na mawakala madukani, kama mzee wa duka la ng'ambo ya barabara yetu, ambaye wazazi wake walitoka pwani zamani na Kiswahili chake bado kinateleza kuliko chetu. Dada hauzi tiketi wala hatengenezi hiyo programu. Kazi yake ni kuiangalia. Siku ya kwanza aliponiambia hivyo nilidhani ananificha kitu.

"Unalipwa kuangalia?"

"Nalipwa kuona," akasema. "Kuangalia kila mtu anaweza."

Bosi wake alikuwa amekubali afanyie kazi Ifakara kwa majaribio, mpaka Pasaka ipite, na sharti lilikuwa moja: mteja asijue kabla yao. Programu kuharibika itaharibika tu, hakuna anayelaumiwa kwa hilo. Lakini kama abiria wa Songea atapiga simu kulalamika kwamba tiketi haitoki, na dada ndiyo kwanza anasikia kutoka kwake, basi majaribio yameisha, afunge begi arudi kukaa ofisini. Na kurudi Dar kulimaanisha mtoto aachiwe msichana wa kazi asiyemjua, baba mtoto abaki peke yake kule milimani, na bibi abaki na mimi, jambo ambalo kwa maneno yake ni sawa na kukaa na kabati.

Dada alisema hadharani kwamba hana wasiwasi. Ila kila akisikia kompyuta inalia, hata ikiwa ni betri tu inayoomba chaji, alikuwa anaruka na mtoto bado yupo titini.

Kwa kuwa mtoto alikuwa kwangu na kompyuta ilikuwa mezani, nilianza kuuliza. Kumuuliza dada si kuongea na watu. Nikamuuliza hizo kontena anazozitaja kila dakika kwenye simu ni nini hasa. Akafikiri kidogo, halafu akaniuliza nilipokwenda bweni kidato cha tatu nilibeba nini. Nikamtajia: godoro, ndoo, sabuni, shuka, kikombe, taa, kufuli, kila kitu ndani ya tranka kasoro godoro.

"Sasa hiyo tranka ingebebwa ikapelekwa bweni lolote Tanzania, ungeishi?"

"Ningeishi."

"Ndiyo kontena. Programu imefungashwa na kila inachohitaji. Ukiiweka mashine hii inaishi, ukiihamishia ile inaishi. Na hizo mashine si zetu, tumekodi, ziko huko nje ya nchi, hata mimi sijawahi kuziona."

Mashine nyingi zikikaa pamoja na kupokea tranka hizo wanaziita klasta. Ndani yake kuna programu nyingine inayofanya kazi ya matroni: inapita vitandani, ikikuta kontena imekufa inaiondoa na kuweka nyingine palepale, wala hailii msiba. Niliona ni ukatili kidogo, lakini dada akasema ndiyo uzuri wake, kwamba kontena kufa si habari. Habari ni zikifa nyingi kuliko kawaida, au zikishindwa kurudi.

Vyote hivyo vinaonekana kwenye dashibodi, ukurasa mweusi wenye mistari ya rangi inayotembea polepole. Mstari wa tiketi, mstari wa malipo, mstari unaosema mashine zimejaa kiasi gani. Juu kuna vidude vya kijani ambavyo mambo yakiharibika vinageuka vyekundu, na simu ya dada inapiga kelele ambayo hata kuku wa bibi wanaijua.

Nikaupenda ule mstari wa tiketi. Naandika hivi nikijua inasikika kama kichekesho, lakini ni kweli. Ulikuwa haukai, unatetemeka kama uso wa maji yanayokaribia kuchemka. Asubuhi unapanda. Ijumaa mchana watu wakiwa msikitini unashuka kidogo, halafu unapanda tena kwa kishindo kama vile wote wametoka mlangoni kwa pamoja. Jumapili asubuhi vilevile. Nilikuwa nakaa pale na mtoto mapajani, naiona nchi nzima ikikata tiketi, na hakuna hata mmoja ambaye ningelazimika kumsalimia. Kwa mtu kama mimi hiyo ni pepo ndogo.

Dada alipoona naielewa akaanza kunifundisha kidogo kidogo, na kunitumia pia. Umeme ukikatika nihamishie waya kwenye betri ya sola. Mtandao mmoja ukizima nichomeke modemu nyingine. Mvua zilikuwa za masika, mto Lumemo umefura, njia ya kwenda Katindiuka imekuwa uji, na umeme unakuja na kuondoka kama mgeni aliyesahau kitu. Nikawa fundi wa kuhamisha waya.

Basi ikafika wiki ya Pasaka. Tiketi zilikuwa zinakwenda kama maandazi ya asubuhi. Mstari ulikuwa juu kuliko nilivyowahi kuuona, na dada alikuwa juu pia. Alhamisi Kuu mtoto alikuwa na sindano kliniki. Dada alitaka kuahirisha, bibi akamwambia surua haiahirishi. Bibi mwenyewe alikuwa anakwenda kanisani kusaidia kupamba. Dada akabeba mtoto, akasimama mlangoni, akarudi, akasimama tena.

Nesi wa kliniki ile hapendi simu hata kidogo, alishawahi kumsema mama mmoja mbele ya foleni nzima. Kwa hiyo dada aliizima simu yake sauti ya kila kitu isipokuwa ile kengele ya kazini. Hiyo ikilia, alisema, nesi atanisamehe.

"Kukiwa na tatizo itanipigia kelele," akaniambia. "Isipolia, ujue kuko shwari. Wewe kaa nayo tu, umeme ukikatika si unajua?"

Nikasema najua. Akaenda.

Nikachukua ungo na mchele, nikakaa mbele ya kompyuta. Nyumba ilikuwa imetulia vizuri. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka, nje kunanuka udongo. Nikachambua ungo wa kwanza, natupa mawe, nainua macho, vidude ni vya kijani, narudi kwenye mchele. Nikaanza ungo wa pili. Dada hakunipigia, kompyuta haikulia. Kijani tupu.

Sijui nilikuwa katikati ya ungo huo wa pili au nakaribia kuumaliza nilipoinua macho nikaona kitu kinachonikera na nisijue ni nini. Ni kama mtu uliyezoea kumwona na miwani akaja bila. Kijani kilikuwepo. Mstari ulikuwepo, palepale juu. Ila haukutetemeka. Ulikuwa umenyooka kama umepigwa kwa rula.

Kwanza nikadhani mtandao umekata. Haukukata, kundi la kazini la dada kwenye kompyuta lilikuwa linaingiza picha za maua na heri za Pasaka. Nikajiambia labda leo watu wananunua tiketi kwa utaratibu. Nikacheka peke yangu. Watanzania, wiki ya Pasaka, kwa utaratibu.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunakwenda wote Mofu wakati mpunga unapotia maziwa, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuamia ndege. Unakaa juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti, una kamba zilizofungwa makopo, ndege wakija unavuta. Mwanzo nilikuwa navuta kila nikisikia kelele za kwelea mtini, mpaka mikono inauma. Mama akaniambia, wakipiga kelele mtini waache, wanaongea tu. Wakinyamaza, vuta. Wakinyamaza wameshashuka wanakula.

Sikuwa naifikiria Mofu pale mezani, nasema ukweli. Ni mkono wangu tu ulitaka kuvuta kamba na kamba haikuwepo.

Nikaona njia pekee ya kujua ni kwenda dukani kwa mzee. Kutoka kwetu mpaka kwake ni kuvuka barabara tu, lakini kuna siku nimekaa bila sabuni ili nisivuke. Nikavaa ndala, nikavuka.

Pale kaunta palikuwa na mama mmoja na mfuko wa mchele wa kupeleka zawadi, anakwenda Morogoro kwa mwanawe. Mzee alikuwa ameshika simu mbali na macho, anaitazama kwa uchungu.

Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza habari za asubuhi, za bibi, za mtoto, za dada. Nikajibu zote njema. Halafu nikasimama, nikaanza kusoma bei za sabuni. Kilichoniokoa ni kwamba alianza mwenyewe.

"Hebu tazama, bibie. Kizunguko hiki kinazunguka tangu mama huyu alipofika. Kama pia ya watoto. Pesa haijakatwa, tiketi haijatoka, basi linajaa."

"Mimi nimeshakubali kusimama mpaka Mikumi," yule mama akasema, "lakini hata tiketi ya kusimama haitoki?"

Mzee akasema ngoja awapigie watu wa huduma kwa wateja awape ukweli wao. Akaanza kubonyeza.

Nilimwona bosi wa dada, ambaye sijawahi kumwona. Nilimwona dada anafunga begi la nepi. Na mdomo wangu, huu huu, ukasema:

"Mzee, naomba usipige."

Wote wawili wakanigeukia. Yule mama aliweka mfuko chini.

"Nisipige kwa sababu gani?"

"Tunajua tayari."

Mzee akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Mnajua? Nyinyi nani?"

"Sisi wa... kwa dada. Tunalishughulikia. Naomba dakika chache."

Sasa, ukitazama kwa makini, "sisi" nilikuwa mimi, na kushughulikia kwenyewe kulikuwa hakujaanza. Lakini nilishasema mbele ya watu, na ikabidi iwe kweli upesi. Mzee akaishusha simu. Akasema atangoja, ila basi halitangoja. Nikarudi mbio, ndala moja ikabaki barabarani.

Nikampigia dada. Mimi, nikapiga simu. Ikaita mpaka ikakata, nikapiga tena, ikaita tena. Hapo ndipo nikakumbuka: simu yangu haina sauti kwake, ni kengele ya kazini tu inayosikika, na kengele imenyamaza. Yuko kwenye benchi la kliniki, ameridhika kabisa kwamba kuko shwari kwa sababu hakuna anayempigia kelele.

Kwenye kompyuta kulikuwa na sehemu ya kumwandikia fundi wa zamu aliyeko Dar. Sikumjua. Picha yake ilikuwa ya gari. Nikafikiri, mtu mwenye picha ya gari na aliyeaminiwa mitambo ya kampuni lazima ni mtu mzima. Nikaandika:

"Shikamoo."

Nikasubiri. Najua. Basi linajaa, mzee ameshika simu, mstari umelala kama maiti, na mimi nasubiri. Lakini kwetu humwagii mtu mzima shida zako kabla hajakuitikia, ni kama kuingia nyumbani kwa mtu kwa dirishani. Vidole vilikataa kabisa.

Akajibu: "Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Huku salama kabisa. Umeshakula?"

"Bado. Nilikuwa nachambua mchele."

"Safi sana. Mchele wa Ifakara huo, usimsahau mzazi wako," akaandika, na nyuso nyingi za kucheka.

Nikaona huyu mzee ni mwema sana, anauliza hata chakula. Nilikuja kujua baadaye kwamba si mzee hata kidogo, ni kijana mdogo kwa dada, na dada humwita mtoto mbele za watu na kudai shikamoo yake kila siku. Ujumbe wangu ulitoka kwa jina la dada. Yeye akadhani dada leo ameshindwa, amesalimu amri, na akawa anaifaidi kila herufi.

Nilipoona ameniitikia na ameniuliza hali, roho ikatulia, sasa ningeweza kusema. Nikaandika yote kwa mkupuo: "Samahani baba, mimi si dada, ni mdogo wake, dada yuko kliniki na mtoto na simu haisikii, mstari wa tiketi umenyooka kama rula na dukani kwetu tiketi haitoki na mzee anataka kupiga simu huduma kwa wateja nimemwambia asipige."

Nyuso za kucheka zikaisha. Halafu kompyuta ikaanza kuita.

Ikaita. Picha ya gari ikawa kubwa kwenye kioo chote, na chini yake kitufe cha kijani na kitufe chekundu. Nikafanya ninachofanya siku zote, nikaitazama. Niliitazama kwa bidii. Nikasema moyoni, nitamwandikia sikuwa karibu. Halafu nikasikia jinsi hilo lingesomeka, baada ya barua ndefu vile niliyotuma sasa hivi, na nikabonyeza kijani.

"Haloo," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekimbia ngazi. "Umenyooka tangu saa ngapi?"

"Sijui saa. Mwisho kuuona unatetemeka ilikuwa ungo wa kwanza."

"Ungo wa kwanza?"

"Wa mchele. Nilikuwa nachambua."

"Ungo mmoja kwako ni muda gani?"

Nikafikiri. "Kama misa isiyo na mahubiri."

Nikasikia anapumua puani, sijui ni kicheko au ni hasira, na vidole vyake vinapiga kibodi kama mvua ya bati. Akawa anajisemea na mimi nasikiliza. Kumbe yule anayekusanya habari zote na kuichora mistari, na kupiga kengele mambo yakiharibika, naye ni kontena kama wenzake. Anakaa kwenye mashine moja na baadhi ya kontena za malipo. Wingi wa Pasaka umeijaza ile mashine mpaka pomoni, wa malipo wakaanza kufa, na mlinzi huyo akafa pamoja nao. Matroni akawa anatafuta vitanda vya kuwaweka wengine, vitanda vimejaa. Na dashibodi, kwa kuwa hakuna aliyeiletea habari mpya, ikaendelea kuonyesha ile ya mwisho iliyoikumbuka. Ilikuwa ya kijani.

"Anayetulindia ndiye aliyekufa," akasema. "Nani angepiga kengele?"

Nikasema pole. Ndilo neno lililokuwa karibu.

Akaongeza mashine nyingine, akafuta takataka kwenye ile iliyojaa. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu mwenye vioo vyote vile mbele yake. Alisema dashibodi haiamini tena kwa sasa, mpaka mlinzi asimame vizuri. Alitaka macho. Akachukua namba yangu, akanipigia kwenye simu: niende dukani nayo sikioni, mzee ajaribu tena, nimwambie ninachokiona.

Kwa hiyo nikavuka barabara mara ya pili, nikiongea na simu, hadharani, mguu mmoja bila ndala. Majirani walitoka kutazama. Mmoja akaniuliza kama kuna msiba.

Mzee akabonyeza. Kizunguko kikazunguka. Nikasema kwenye simu, kinazunguka. Fundi akasema subiri. Yule mama akaanza kusali chini chini, nadhani alikuwa anaombea basi zaidi kuliko sisi. Kizunguko kikazunguka tena, kikasita, halafu simu ya mzee ikatoa ule mlio wake mdogo na mashine ya karatasi ikaanza kutema tiketi.

"Imetoka," nikasema.

"Sema tena."

"Imetoka. Ya Morogoro. Kiti cha dirishani."

Kule Dar nikasikia kiti kinasukumwa nyuma na mtu anapiga meza. Yule mama alishaondoka na tiketi yake na mfuko wake, anakimbia kwa namna ambayo watu wenye mifuko ya mchele hawakimbii. Mzee akakunja mikono juu ya kaunta.

"Kumbe mnajua kweli," akasema.

Dada alirudi mtoto analia, yeye anatabasamu, anasema foleni ilikuwa fupi na simu haikulia hata mara moja, siku nzuri ajabu. Nikamweleza. Tabasamu lilishuka polepole, kama pazia linaloshushwa na mtu mwenye huruma. Akakaa kwenye mkeka, akamnyonyesha mtoto mpaka aliponyamaza.

"Mteja gani alipiga kwanza?" akauliza.

Hilo nilikuwa nalijua, fundi alishaniambia. Simu ya kwanza ya malalamiko ilitoka mji mwingine, na ilipofika yeye alikuwa tayari anaongeza mashine. Kidogo tu kabla. Dada akasema kidogo ni kidogo lakini kuna jingine: sharti lilikuwa juu yake, na yeye hakujua. Aliyejua alikuwa mimi na ungo.

Alasiri wakakutana kwenye kompyuta, bosi, fundi na dada. Nilikaa jikoni, mlango wazi, nakoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa. Bosi ni mama mwenye sauti ya chini. Akauliza nani alijua kwanza. Nilikuwa na uhakika dada atazunguka. Dada hakuzunguka. Akasema, mimi sikujua, nilikuwa kliniki na mwanangu, nikaamini kimya. Aliyejua ni mdogo wangu.

Kukawa kimya kule Dar. Bibi, ambaye alikuwa amerudi kutoka kanisani na maua kwenye nywele bila kujua, akaniuliza kwa ishara kama wamekatika.

"Huyo mdogo wako," bosi akasema, "ni mteja wetu?"

"Hapana, mama. Yeye hata safari hana."

"Sharti letu lilisemaje?"

"Mteja asijue kabla yetu."

"Basi yuko kwetu," bosi akasema. "Sasa niambieni mtafanya nini ili Pasaka ijayo tusitegemee mchele."

Nilikaa chini kwenye kinu. Bibi akanyoosha mikono juu, akamshukuru Mungu kwa Kipogoro, maana mambo makubwa huwa hamwambii Mungu kwa Kiswahili.

Wazo walilolitoa lilikuwa la yule kijana wa gari, ingawa alilisema huku anacheka. Alisema yeye leo ameamkiwa vizuri kuliko siku zote za maisha yake, na limemfungua akili. Yule mlinzi, akasema, asikae kusubiri mabaya ndipo aseme. Awe anaamkia. Kila baada ya muda mfupi atume salamu kwenye kamashine kengine kadogo, kaliko mbali kabisa na klasta, nako kamwitikie. Salamu isipofika, hakuna kusubiri kengele wala rangi nyekundu, hako kadogo kapige kelele kwa simu ya dada. Mtu wa kila siku akipita bila kukuamkia, unatoka nje kumtazama ana nini.

Wakaitengeneza kabla ya Pasaka, na kwenye ukurasa wakaiandika hivyohivyo: shikamoo inakwenda, marahaba inarudi. Iko chini kabisa ya dashibodi, mstari mdogo wenye vinundu, na ndio ninaouangalia kwanza siku hizi. Dada bado yuko hapa. Pasaka ilipita, majaribio yakaitwa kazi, baba mtoto anashuka kutoka Mahenge kila akipata nafasi, na mtoto ameanza kuikimbilia kompyuta kwa magoti na kuilamba. Kijana wa gari nimemkataza kuniita mwanangu. Ameniambia shikamoo yangu bado anayo, hairudishi.

Ila mzee wa dukani ndiye aliyeniponza. Sasa hakuna kitu kinachoharibika mtaani asichoniulizia. Juzi umeme ulikatika, friji lake la soda likazima, nami napita zangu ng'ambo, kichwa chini, natumaini hajaniona.

"Bibie," akaita, mbele ya wateja wote. "Mnajua tayari?"

Zamani ningeongeza mwendo. Nikasimama.

"Tunajua, mzee," nikasema. "Tunalishughulikia."

Wakacheka, na umeme, sijui kwa nini, ukarudi palepale.